Sanadi ya Usemi Unaonasibishwa na Rais Wilson, 1915

Katika vitabu vingi vinavyoeleza historia ya Marekani hutajwa usemi mmoja wa Rais Woodrow Wilson. Yasemekana kwamba tarehe 18 Februari 1915, alipokwisha kutazama sinema ya The Birth of a Nation katika Ikulu ya Washington, alisema kuwa ni kama kuandika historia kwa umeme wa radi, na kwamba sikitiko lake moja ni kuwa yote yale ni kweli tupu. Sinema hiyo ilitengenezwa na D. W. Griffith kutokana na riwaya ya Thomas Dixon, nayo iliwadhalilisha watu weusi na kulitukuza kundi la Ku Klux Klan. Basi usemi huu, kama ni sahihi, ni ushahidi mzito juu ya Rais. Kama si sahihi, ni mzigo aliotwikwa mtu asiyeweza kujibu.

Wanavyuoni wa Hadithi hutazama sanadi kabla ya kuikubali matini. Sanadi ya usemi huu ni dhaifu. Maneno yake kamili yalichapishwa katika Scribner's Magazine mwaka wa 1937, yaani miaka 22 baada ya usiku ule, na miaka 13 baada ya Wilson kufa. Mtu wa mwisho aliyebaki hai miongoni mwa waliohudhuria aliulizwa mwaka wa 1977. Akaeleza kuwa Rais alionekana kuzama katika mawazo, kisha akatoka asiseme neno. Ushahidi huo nao ulitolewa baada ya miaka 62, wala hautoshi peke yake kukata shauri. Lakini yako maandishi ya wakati wenyewe. Mwezi wa Aprili 1915, watu weusi walipokuwa wakiipinga sinema hiyo mjini Boston, katibu wa Rais, Joseph Tumulty, aliandika kwamba Rais hakupata kuisifu. Mwaka wa 1918 Wilson mwenyewe aliandika kuwa ni kazi ya bahati mbaya.

Tena yafaa kuuliza ni nani aliyefaidiwa. Dixon, aliyesoma pamoja na Wilson katika chuo cha Johns Hopkins, aliomba maonyesho yale ya Ikulu. Naye pamoja na Griffith wakayafanya kuwa tangazo la biashara yao.

Hata hivyo, kuukataa usemi si kumtakasa msemwa. Katika sinema yenyewe yameandikwa maneno yaliyotolewa katika kitabu cha Wilson, A History of the American People, cha mwaka wa 1902, ya kulihurumia kundi la Klan. Ingawa watengenezaji waliyakatakata, wakaacha pale alipolaumu ukatili wake. Mwaka wa 1913 mawaziri wake waliwatenga wafanyakazi weusi katika Wizara ya Fedha na ya Posta, naye akaridhia. Tarehe 12 Novemba 1914 William Monroe Trotter, mhariri wa gazeti la The Guardian la Boston, aliongoza ujumbe kwenda kumlalamikia. Wilson akawaambia kuwa kutengwa si kuvunjiwa heshima bali ni manufaa kwao, kisha akachukizwa na namna Trotter alivyosema, akamaliza mazungumzo. Maneno hayo yaliandikwa papo hapo kwa hati mkato, na magazeti yakayatangaza.

Hapo ndipo ilipo hasara ya usemi wa umeme. Kwa utamu wake umekaa mbele, na maneno yenye sanadi thabiti yamekaa nyuma. Anayetaka kumtetea Wilson huubomoa kwa urahisi, akadhani ameibomoa hoja nzima; na malalamiko ya makarani weusi waliotengwa maofisini hupotea pamoja nao. Kwa hiyo mwandishi wa historia akiutaja, na aseme kuwa haukuthibitika. Kisha amfikishe msomaji kwenye mazungumzo ya Novemba 1914, ambako Rais alisema mwenyewe, mbele ya mashahidi.