Aljebra: Kutoka Baghdad hadi Dakawa

Anayetoka Morogoro mjini kuelekea Dodoma hupita Dakawa, penye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mto Wami. Wengi huijua kwa mchele. Wachache hukumbuka kwamba tangu mwaka 1982 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga hapo makazi ya wakimbizi wake, na ndani yake kituo cha maandalizi kilichopewa jina la Ruth First, mwanaharakati aliyeuawa mjini Maputo mwaka huo huo kwa bomu lililotumwa ndani ya kifurushi.

Vijana waliofika bila msingi wa kutosha waliandaliwa hapo kabla ya kwenda Mazimbu, kwenye shule iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Kwa wengi wao hisabati ndiyo iliyokuwa mlima. Sababu haikuwa uzito wa vichwa. Baada ya Sheria ya Elimu ya Bantu ya mwaka 1953, somo hilo liliminywa kwa makusudi. Hendrik Verwoerd alihoji hadharani faida ya kumfundisha mtoto Mwafrika hisabati ambayo hataitumia. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi majengo yake kwa serikali ya Tanzania, na Mazimbu ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Sisi Waislamu hatukuwekewa sheria ya namna hiyo, lakini wapo vijana wetu wanaoingia mwaka wa kwanza chuoni na kuitazama aljebra kama mgeni aliyeshuka kwenye meli ya Mzungu. Ikumbukwe kwamba jina lenyewe ni la Kiarabu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Al-jabr ni kurejesha kilichopunguzwa. Al-muqabala ni kukabilisha pande mbili na kufuta zinacholingana. Katika utangulizi anataja haja za watu: mirathi, wasia, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. (Mkulima wa Dakawa angemwelewa upesi.) Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi, yaani fiqhi.

Wala hakutumia x. Aliandika kwa maneno: mali, pamoja na mizizi yake kumi, ni dirhamu 39. Gawa kumi nusu, upate 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza 39, iwe 64. Mzizi wake ni 8. Toa 5, inabaki 3. Basi mzizi ni 3 na mali ni 9. Mwanafunzi anayeogopa alama aanzishiwe hivi, kwa ulimi, kisha alama zije baadaye kama ufupisho.

Halafu apewe suala la faraidh. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Katika sita ni 3 na 4, jumla 7. Mafungu yamezidi mali. Suala la namna hii lilijitokeza zama za Khalifa Umar (RA), akashauriana na masahaba, likapitishwa aul: asili ya 6 ikapandishwa kuwa 7. Tuseme tirka ni shilingi 4,200,000, na fungu moja ni x. Basi 3x + 4x = 4,200,000, na x ni 600,000. Mume anapata 1,800,000, na kila dada 1,200,000.

Ibn Abbas (RA) hakuafiki aul. Kwa rai yake mume huchukua nusu yake kamili, 2,100,000, na upungufu huwaangukia dada, wakagawana nusu iliyobaki. Jumhuri ya wanavyuoni wamekwenda na rai ya Umar. Kwa mume huyu, tofauti ya rai hizo mbili ni shilingi 300,000.