Ile Antena ya Shosho Haijafa

Panda matatu ya Eldoret kwenda Kitale, pita Soy, pita Matunda, na ukikaribia Moi's Bridge weka simu chini. Angalia juu ya mabati. Utaona antena kibao: zingine zimefungwa kwa mti mrefu, zingine zimepinda, zingine zimeongezewa kifuniko cha sufuria eti ndio zishike vizuri. Sisi wa rika hili tukiziona tunacheka. Tunasema hizo ni vitu za enzi za Moi.

Zii. Leo nazitetea, na historia iko upande wangu.

Tuanze mwanzo. TV ilianza Kenya mwaka 1962. Kwa karibu miaka 28 hapakuwa na kituo kingine ila cha serikali. Kwa muda mrefu kiliitwa Sauti ya Kenya, halafu 1989 kikarudia jina la KBC. KTN, kituo cha kwanza cha kibinafsi, kikaja 1990. Kwa nyumba nyingi za mashambani, TV ilikuwa Great Wall ndogo isiyo na rangi, betri ya gari kando yake, na mtoto mmoja nje anazungusha mti wa antena huku watu ndani wanapiga kelele: "Rudisha kidogo! Hapo hapo! Usiguse!"

Mawimbi ya analogi yalikuwa na huruma. Yakififia, picha inajaa chenga lakini bado unaskia habari. Shida yao ilikuwa moja: yalikula nafasi sana. Kituo kimoja kilichukua njia nzima ya hewani peke yake. Dijitali inabana vituo vingi kwa njia hiyo hiyo moja.

Ndio maana mwaka 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva chini ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, zikakubaliana kwamba kufikia tarehe 17 Juni 2015 TV ziwe zimehamia dijitali. Rais Kibaki akazindua mawimbi ya dijitali hapa Desemba 2009. Baadaye Kenya ikachagua mfumo mpya zaidi, DVB-T2, ambao unaweza kubeba picha ya HD hewani bila waya na bila setilaiti.

Sasa skiza hii. Ile nafasi iliyobaki wazi TV zilipobanwa haikukaa bure. Kipande cha masafa ya 800 kilienda kwa simu, kwa 4G. Yaani unaponunua bundles leo, sehemu ya hewa unayouziwa ni ile iliyokuwa inambebea babu yako habari za saa tatu bila malipo. Sisemi ilikuwa makosa. Nasema tujue tulibadilishana nini.

Na hatukuhama kwa amani. Leseni za kusambaza mawimbi ya dijitali zilienda kwa Signet, kampuni ya KBC, na PANG, kampuni ya Wachina. Nation, Standard na Royal Media wakaenda kortini, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua Septemba 2014. Tarehe 14 Februari 2015, siku ya wapendanao, mitambo yao ya analogi ikazimwa. NTV, KTN, Citizen na QTV zikapotea siku 19, zikarudi Machi 4 kwa dijitali. Nchi nzima ilikuwa inaongea hiyo stori: kwa matatu, kwa kinyozi, kanisani.

Miaka mitatu baadaye, Januari 30, 2018, Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park, vituo vikazimwa tena. Korti ikaamuru virudishwe, na bado vikakaa gizani siku kadhaa. Kisha Juni 25, 2025, siku ya kukumbuka maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Mawimbi ya NTV, KTN na Citizen yakakatwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku iyo hiyo.

Lakini kuna kitu kilibadilika hapo katikati. 2015 kila mtu aliona giza. 2025 wengi wetu hatukuona kitu, juu tulikuwa kwa YouTube na TikTok. Live iliendelea, tukacheka, tukasema hawawezi kutuzima. Ni kweli, wewe na mimi tulikuwa sawa. Lakini mzee asiye na smartphone, anayetegemea antena, yeye ndiye alizimiwa. Na haki ambayo wenye sauti hawaitumii tena ni rahisi kuizima, kwa sababu hakuna mtu wa kupiga kelele.

Nilianza kufikiria haya yote nyumbani kwa shosho. Alikuwa analipia dikoda kila mwezi, pesa ya mahindi, ili aone tu habari na mahubiri ya Jumapili. Pesa ikiisha, anakaa na skrini nyeusi. Aliyemuuzia alimwambia mambo ya antena yaliisha na analogi. Nikaangalia TV yake: ni ya juzi juzi, ina DVB-T2 ndani yake. Nikatoa antena iliyokuwa imetupwa nyuma ya stoo ya mahindi, nikabadilisha waya, nikaielekeza pale antena za majirani zinaelekea. Nikaingia kwa menyu, nikachagua dijitali, nikaiacha itafute vituo.

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Dijitali haina huruma ya analogi: ikipata mawimbi ya kutosha picha ni safi, ikikosa inaganda au inapotea kabisa. Nikaipandisha juu kidogo, nikajaribu tena. Vituo vikaingia, picha safi mpaka unaona jasho la mtangazaji. Shosho akaniuliza, "Na hii nitalipa tarehe ngapi?"

Nikamwambia hailipiwi, shosho. Hakuamini mpaka mwezi ukaisha na TV bado inaongea.

Kwa hivyo ukienda ushago, kabla hujacheka antena, angalia kama TV ya hapo imeandikwa T2. Kama haina, kuna dikoda za kununua mara moja tu, zisizo na malipo ya mwezi. Panda, funga, zungusha. Na siku nyingine mawimbi yakikatwa, usiangalie simu yako useme mambo ni fiti. Piga simu nyumbani uulize kama wanaona.