Mafuta ya Nazi na Ngozi ya Wanawake wa Bara la Mombasa

Katika mashamba ya minazi ya Likoni na Kisauni, utunzaji wa ngozi ya mwanamke aliyekoma hedhi ulitegemea kwa muda mrefu mafuta ya nazi, yaani mafuta yanayopatikana kwa kukuna nazi kwa mbuzi, kukamua tui, kisha kulichemsha polepole mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Chicha iliyobaki ilitumiwa kusugulia mwili, na liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri uliosagwa juu ya jiwe na kuchanganywa na marashi, ilipakwa kutuliza joto na vipele.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kupitia Changamwe, na daraja la kuelea la Nyali la mwaka 1931, viliyaleta karibu zaidi maduka ya sabuni za viwandani, ambazo huondoa mafuta asilia ya ngozi. Hasara hiyo ni nzito uzeeni, kwa sababu homoni ya estrojeni inapopungua, ngozi hukauka na kupoteza kolajeni, protini inayoishikilia, takriban asilimia 30 katika miaka 5 ya kwanza baada ya kukoma hedhi.

Mafuta ya nazi hayarudishi kolajeni, lakini huzuia unyevu usipotee, na kwa hilo wanawake hao walikuwa sahihi. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ambazo Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuzikomesha, zinadhuru figo na hazifai kushika nafasi ya mafuta hayo.