Gome la Ugogo, Seli za Heidelberg

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Bahi, alinisimamisha nje ya ukumbi wa mihadhara. Akiwa mtoto aliungua mguu kwa uji wa moto, na bibi yake akampaka unga wa gome la mti hadi kidonda kikafunga. "Mwalimu," aliniuliza, "ni gome lililoniponya, au ngozi ilijiponya yenyewe?" Nilipomuuliza ni mti gani, alinitajia jina la Kigogo. Jina la kitaalamu hakulijua, wala mimi sikulijua.

Swali lile ni la kibiolojia, lakini sababu ya sisi wawili kukosa jibu ni ya kihistoria.

Mimea ya uwanda huu wa kati ilianza kukusanywa na wageni mapema. Mwaka 1890 Franz Stuhlmann, akiwa katika msafara wa Emin Pasha, alipita Mpwapwa na Ugogo akielekea Ziwa Victoria, huku akikusanya mimea na wanyama. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia huko Amani, Usambara. Shabaha yao kuu ilikuwa mazao ya biashara na miti yenye faida kwa dola, mkwinini ukiwamo. Sampuli nyingi zilizokaushwa zilipelekwa Berlin. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia hifadhi ya mimea ya Dahlem, na sehemu kubwa ya sampuli hizo ikateketea. Majani ya kwetu yaliungua katika vita visivyo vyetu.

Waingereza nao walileta kosa la aina nyingine. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ililenga wachawi, lakini kivuli chake kiliwafunika waganga pia. Elimu ya miti ikajificha, na elimu iliyojificha haipimiki wala haisahihishwi. Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga wa Kongwa. Matrekta yalifyeka vichaka bila kujali yale ambayo wenyeji waliyajua kuhusu mvua haba na udongo unaokauka ukawa kama saruji. Ulipofutwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea, na vichaka navyo. Miaka mitatu baadaye Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, alitoa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Tunamshukuru, kwa kuwa alionyesha kwamba mwenyeji anaweza kuwa mwandishi wa maarifa yake mwenyewe.

Baada ya uhuru hatukukaa bure. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi kamili. Watafiti wake walizungukia waganga, wakaandika majina ya mimea na matumizi yake. Mfululizo wao wa makala kuhusu mashariki ya Tanzania, uliochapishwa kuanzia mwaka 1987, ni hazina. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga akapata baraza linalomsajili.

Hata hivyo, kuorodhesha si kupima. Kipimo kilichotumika sana Muhimbili kuchunguza sumu ya mimea, ikiwamo ile inayotibu fangasi, ni uduvi wa maji ya chumvi: mayai yao huanguliwa kwa siku moja au mbili, dawa hutiwa majini, kisha wanaokufa huhesabiwa. Ni kipimo cha busara kwa nchi yenye bajeti finyu, kwa kuwa huonyesha dawa ipi ina nguvu. Lakini uduvi si ngozi ya mtoto.

Kipimo kinacholikaribia swali la mwanafunzi wangu hutumia seli za ngozi ya binadamu. Mwaka 1988 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitangaza seli walizozipata katika ngozi ya mzee wa miaka 62, seli ambazo huendelea kugawanyika bila kikomo zikilishwa na kutunzwa katika joto la nyuzi 37. Leo hutumika katika maabara nyingi duniani. Seli hutiwa dawa kwa viwango mbalimbali, kisha huongezwa kemikali ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Rangi ikififia, seli zimekufa. Njia nyingine ni kuukwangua utando wa seli na kutazama kama pengo litazibwa upesi zaidi palipo na dawa kuliko pasipo nayo.

Umuhimu wake ni huu: dawa inayoua fangasi inaweza kuua ngozi vilevile. Cha kujua ni umbali kati ya kiwango kinachoua kijidudu na kile kinachodhuru seli. Umbali ukiwa mkubwa, kuna matumaini. Ukiwa mdogo, bibi anapaswa kuonywa kwa heshima. Aidha, sahani ya maabara si mwili mzima, na majibu yake ni hatua ya kwanza tu.

Tumeona gharama ya kuchelewa. Mwaka 2011, watafiti walipoanza kukichunguza kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile huko Samunge, Loliondo, foleni ya magari ilikuwa imekwisha kujaa. Taifa liligawanyika kati ya walioamini bila kupima na waliodharau bila kupima. Makundi hayo mawili ni ndugu wa baba mmoja.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu na watumishi wa umma wanaonisoma: tuandike majina ya miti kwa Kigogo, Kirangi na Kisandawe kabla wazee hawajaondoka nayo, tuwe na maabara za seli katika vyuo vyetu vya umma, na mkataba wa manufaa usainiwe na wenye maarifa kabla gome halijatoka kijijini. Wasani wa kusini mwa Afrika walijifunza kwa uchungu: hataza ya mmea wao wa hoodia ilichukuliwa Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, ilhali makubaliano ya kuwagawia mapato yalikuja mwaka 2003.

Nilimwomba kijana yule, akienda likizo, amwombe bibi yake ruhusa, kisha aniletee tawi lenye majani na maua, pamoja na jina la mti kama bibi analitamka. Hilo halitajibu swali lake. Litaliwezesha kuulizwa ipasavyo, na safari hii sampuli ibaki Dodoma.