Transista Pacha
Wendy Carlos alipokuwa akirekodi Switched-On Bach, albamu iliyotoka mwaka 1968, ilimbidi kuitune sintesaiza yake ya Moog mara kwa mara. Mlio ulihama wenyewe. Kiini chake kilikuwa joto.

Robert Moog alijenga mitambo yake juu ya kanuni rahisi: volti 1 ikiongezeka, sauti ipande oktava 1. Kazi ya kutekeleza kanuni hiyo ilipewa transista, kwani ongezeko la milivolti 18 hivi kwenye beisi yake hutosha kuongeza mkondo maradufu, yaani kupandisha sauti oktava 1. Lakini chumba kikipata joto digrii 1 tu, volteji ya beisi inayohitajika kwa mkondo uleule hushuka karibu milivolti 2. Kwa sikio la mwanamuziki, hiyo ni zaidi ya nusu toni!

Dawa ikawa kuoanisha transista mbili, moja ifute kosa la nyingine. Fundi hutandaza mezani transista za aina moja, huzipima moja moja kwa mkondo uleule na kutafuta mbili zinazokaribiana hadi sehemu ya milivolti. Akizishika lazima asubiri, maana joto la vidole pekee huvuruga kipimo. Jozi ikipatikana, hugundishwa ubavu kwa ubavu zipate joto na kupoa pamoja. Ni kazi ya subira, na inastahili heshima.

Kampuni ya sintesaiza ya ARP, ya Alan R. Pearlman, ilitumia transista mbili zilizotengenezwa kwenye kipande kimoja cha silikoni. Kampuni ya Fairchild nayo ilitoa µA726, jozi yenye hita yake ndani, iliyoingia hata kwenye Minimoog, sintesaiza ya Moog.