BRUSELA: HOMA INAYOJIFICHA NYUMA YA MALARIA NA TAIFODI

Leo naweka hapa mambo ya brusela, maana huku kwetu mtu akishikwa na homa majibu ni mawili tu: malaria au taifodi. Sasa malaria ya Njombe mjini inatoka wapi? Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi mnaijua wenyewe, na upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta chini ya asilimia 1 ya watoto wadogo wa mkoa huu wakiwa na vimelea. Homa ya wiki tatu inabidi itafutiwe mzazi mwingine.

Moshi walishatafuta. Mwaka 2007 hadi 2008, KCMC na Mawenzi walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokutwa malaria ndiyo inayowaumiza kweli: 14! Wengine 118 walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, 16 kati yao brusela, na magonjwa hayo hayakuwemo kabisa kwenye fikra za daktari wakati wa kulazwa. Siwalaumu sana madaktari, ugonjwa wenyewe ni mjanja.

Unaanza taratibu, mara nyingi wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wakati mwingine miezi. Homa inapanda jioni, asubuhi uko poa, unaenda kazini. Wiki inayofuata imerudi. Jasho la usiku mpaka shuka linaloa, uchovu, kichwa, viungo vinauma, na hasa kiuno na mgongo wa chini. Wanaume wengine korodani inavimba. Wajawazito wanaweza kupoteza mimba. Ukiachwa muda mrefu unaingia kwenye uti wa mgongo, mara chache kwenye ubongo au vali za moyo, na hapo kwenye moyo ndipo unapoua. Wanaokufa ni wachache, chini ya asilimia 2, lakini wanaoteseka miezi na miezi ni wengi.

Hapa Njombe kuna balaa la ziada. Maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa mkoa huu yalikuwa asilimia 12.7 kwenye utafiti wa 2022 hadi 2023, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Kwa hiyo mtu akikonda na kutoka jasho usiku, mtaa mzima umeshampa jina. Apime VVU ndiyo, apime na kifua kikuu. Lakini vyote vikitoka safi asirudishwe nyumbani na panado. Aulizwe: unakunywa maziwa gani? Umezalisha ng'ombe au mbuzi karibuni?

Haka kadudu kaligunduliwa na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, kisiwani Malta mwaka 1887, kwenye wengu za askari waliokufa. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kwamba chanzo ni mbuzi wa maziwa. Aina ya ng'ombe inaitwa Brucella abortus, ya mbuzi na kondoo Brucella melitensis, na hii ya pili ndiyo kali zaidi kwa binadamu. Utafiti wa hospitali ya Endulen, Ngorongoro, uliotoka 2020, uliotesha bakteria kutoka damu za wagonjwa ukakuta melitensis. Ndiyo faida ya kusoma vinasaba: unajua uchanje mnyama yupi.

Na vinasaba vyake vinashangaza. Ana kromosomu mbili za duara, jumla herufi kama milioni 3.3, zilizosomwa zote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Ukizitafuta jeni za sumu kama za kipindupindu, hamna. Silaha yake ni kundi la jeni liitwalo virB, linalotengeneza kitu kama bomba la sindano. Chembe nyeupe ya damu ikimmeza ili imuue, yeye anatumia bomba hilo kuigeuza nyumba, anazaliana humo humo. Ndiyo maana homa inakuja na kuondoka, na dawa za siku tano hazimfikii. Pia ana jeni za kula erithritoli, sukari iliyojaa kwenye kondo la nyuma la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Anajazana hapo, mnyama anatupa mimba. Chanjo ya ng'ombe ya S19 ni bakteria huyo huyo aliyepoteza kipande cha jeni hizo. Chanjo ya binadamu haipo.

Kipimo cha Widal, kile cha taifodi, hakimwoni. Omba kipimo cha brusela chenyewe, na cha haraka kikisema unao, kithibitishwe kwa kingine, maana kuna bakteria wengine wanaokidanganya. Tiba ni doksisaiklini wiki sita pamoja na rifampisini wiki sita, au sindano za streptomaisini wiki mbili hadi tatu. Wajawazito na watoto wadogo wana mpangilio wao. Ukikatisha kwa sababu umepata nafuu, homa inarudi.

Maziwa mabichi na mgando wa maziwa yasiyochemshwa ndiyo njia kuu. Friji haimuui, kuganda hakumuui, kuchemka kunamuua. Na wafugaji, ndama aliyetupwa msimshike kwa mikono mitupu wala msimtupie mbwa. Chimbeni shimo, mfukieni.