Dipavali: Taa Moja, Visa Vingi

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, katika usiku ambao mwezi hauonekani kabisa angani, Wahindu huwasha taa vibarazani, madirishani na kwenye vizingiti vya milango yao. Nasi tusio Wahindu huambizana maelezo mafupi tuliyoyazoea: hiyo ni Diwali, sikukuu ya nuru kulishinda giza na wema kuushinda uovu. Maneno hayo nimeyatamka darasani miaka mingi bila kuyatilia shaka. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, huyo mwovu aliyeshindwa alikuwa nani?" Nikamjibu kwamba ni Ravana, mfalme wa Lanka. Mwenzake, ambaye kwao huiadhimisha sikukuu hiyo, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Kwa bibi mzaa mama husimuliwa kisa kingine."

Makala haya ni jibu langu lililochelewa kwa wanafunzi wale wawili.

Tuanze na jina. Diwali ni ufupisho wa neno la Kisanskriti Dipavali, lililoungwa kwa maneno mawili: dipa, yaani taa, na avali, yaani safu. Dipavali ni safu ya taa. Jina lenyewe halimtaji mshindi wala mshindwa. Latuonyesha taa tu zilizopangwa, na kuacha kila jamii iseme inaziwasha kwa ajili ya nani.

Kisa kinachojulikana zaidi, hasa kaskazini mwa India, ni cha Rama. Mfalme Dasharatha wa Ayodhya alikuwa amemwahidi mkewe Kaikeyi matakwa mawili. Kaikeyi akayadai siku ile ile Rama alipokuwa akingojewa kutawazwa: mwanawe Bharata apewe kiti, na Rama apelekwe mwituni miaka 14. Rama hakubisha. Alikwenda pamoja na mkewe Sita na nduguye Lakshmana. Huko mwituni Ravana akamteka Sita, vita vikapiganwa, Hanuman na jeshi la nyani wakamsaidia Rama, na Ravana akauawa. Waliporudi, husema wasimulizi, watu wa Ayodhya waliwasha taa ili wapendwa wao waione njia. Kisa hiki kimeimbwa katika lugha nyingi. Baada ya utenzi wa Kisanskriti unaonasibishwa na Valmiki, Kamban aliusimulia kwa Kitamil, na Tulsidas akaanza kuuandika kwa Kiawadhi mwaka 1574, ili watu wasiojua Kisanskriti nao wausikie.

Lakini msomaji wa Valmiki hufika kitabu cha mwisho akakuta jambo lisilosemwa usiku wa taa. Uvumi ulipozuka mjini juu ya Sita, kwa kuwa alikaa katika nyumba ya Ravana, Rama alimfukuza akiwa mjamzito. Alijifungua pacha katika makao ya Valmiki. Alipotakiwa athibitishe tena usafi wake, aliiomba ardhi impokee, nayo ikafunguka ikamchukua. Mji uliomwashia taa ndio uliomtia doa. Wako wataalamu wanaokiona kitabu hicho kuwa ni nyongeza ya baadaye, ila watunzi wengi, wanawake kwa wanaume, wamekirudia kwa sababu kinauliza swali lisilokwisha: nuru ile ilikuwa ya nani?

Kusini mwa India, taa huwashwa kwa sababu nyingine. Huko husimuliwa Naraka, mtawala wa Pragjyotisha, aliyeteka maelfu ya wanawake na kupora hata vipuli vya Aditi, mama wa miungu. Krishna alimshinda akiwa na mkewe Satyabhama, na mateka wakafunguliwa. Bengal usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Wajaini nao humkumbuka Mahavira, mwalimu wao mkuu, aliyefariki usiku huo huko Pavapuri. Maandiko yao yasema wafalme waliwasha taa kwa kuwa nuru ya elimu ilikuwa imezimika, basi angalau nuru ya mafuta ibaki. Masingasinga humkumbuka Guru Hargobind alipotoka katika ngome ya Gwalior, alimokuwa amefungwa kwa amri ya Jahangir. Mapokeo yao yasema alikataa kutoka peke yake, akatoka na wafalme 52 waliokuwa wafungwa pamoja naye.

Kisa kilichonishika zaidi, hata hivyo, nilikipata kwa mwandishi Mwislamu. Al-Biruni, mwanazuoni aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alijifunza Kisanskriti na kuandika kwa Kiarabu kitabu kikubwa juu ya India, yapata mwaka 1030. Humo anaitaja sikukuu hii kwa jina. Anaeleza kwamba watu huoga, huvaa nguo nzuri, hupeana zawadi za tambuu na popoo, na usiku huwasha taa nyingi kila mahali. Kisha anataja sababu, na wala si Rama. Siku hiyo, anasema, Lakshmi humfungua Bali, aliyefungwa chini ya ardhi, na kumruhusu aje tena duniani.

Bali ni nani? Ni mfalme wa asura, jamii ya viumbe wenye nguvu wanaoshindana na miungu. Kwa hesabu ya kawaida, basi, yuko upande wa waovu. Lakini alitawala kwa haki, na hakuna mwombaji aliyetoka mlangoni pake mikono mitupu. Miungu iliogopa ukuu wake. Vishnu akajivika umbo la kijana mbilikimo wa ukoo wa makuhani, akaenda kumwomba ardhi ya hatua tatu tu. Shukra, mwalimu wa Bali, aliutambua ujanja, akamwonya asitoe. Bali akakataa kuirudi kauli yake: aliyeahidi ameahidi. Mara yule mbilikimo akakua. Hatua ya kwanza ikaifunika dunia, ya pili ikazifunika mbingu, na ya tatu ikakosa pa kukanyaga. Bali akainamisha kichwa chake, akasema hatua ya tatu na iwekwe hapo. Akashushwa kuzimu, lakini kwa uaminifu wake akapewa ruhusa ya kurudi mara moja kwa mwaka.

Huko Kerala watu humpokea mfalme huyu katika sikukuu ya Onam, miezi michache kabla ya Diwali. Maharashtra humkumbuka siku inayofuata usiku wa taa, na husikika dua ya kwamba dhiki iondoke na ufalme wa Bali urejee. Mwaka 1873 Jotirao Phule, mwandishi wa Kimarathi aliyepigania watu wa matabaka ya chini, alichapa kitabu chake Gulamgiri, jina lenye maana ya utumwa. Humo alikisoma kisa hiki upya: kwake Bali ni mfalme wa wakulima wenye nchi, na yule mbilikimo ni mnyang'anyi aliyekuja na sura ya ucha Mungu. Hadi leo mkulima wa Maharashtra huitwa Baliraja, yaani mfalme Bali.

Hapa ndipo nilipoona udhaifu wa jibu langu la darasani. Kusema "wema umeushinda uovu" ni rahisi, maana kila asemaye hujiweka upande wa wema. Visa vya Dipavali, vikisomwa pamoja, havimruhusu mtu ajiweke upande huo upesi hivyo. Aliyeitwa mwovu ndiye aliyetimiza ahadi. Aliyepokewa kwa taa ndiye aliyemfukuza mkewe. Sikukuu iliyodumu zaidi ya miaka elfu imewaweka mshindi na mshindwa katika mwanga mmoja.

Jambo hili latuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Wafanyabiashara wa Kigujarati walioujia mwambao wetu kwa pepo za kaskazi walikuja na Diwali yao. Jairam Shivji, mtu wa Kutch, aliikodi forodha ya Zanzibar zama za Sayyid Said. Kwa wafanyabiashara hao Diwali ni mwisho wa mwaka wa biashara: vitabu vya hesabu vya zamani hufungwa, na vipya huombewa baraka mbele ya Lakshmi kabla ya kuandikwa. Nikiisikia methali yetu isemayo mali bila daftari hupotea bila habari, huwaza desturi hiyo. Pesa, laki, hundi, bima: maneno haya yalivuka bahari hiyo hiyo, na leo hakuna anayeyaona mageni.

Lakini lugha yetu imehifadhi pia methali nyingine: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Neno Baniani lina asili katika jina la Kigujarati la watu wa tabaka la wafanyabiashara. Tulipokea maneno yake na bidhaa zake, tukaazima fedha yake, kisha tukampa cheo cha ubaya ndani ya methali. Sikatai kwamba palikuwa na riba nzito na watu waliopoteza mashamba. Historia hiyo ipo, na methali haizuki bure. Nasema tu kwamba methali haikumtaja mdai fulani kwa kosa fulani, bali imeihukumu jamii nzima, na mtoto anayeikariri leo hajui kosa lenyewe. Hivyo ndivyo asura wanavyotengenezwa.

Siku hizi nikiulizwa maana ya Dipavali, sisemi tena habari ya wema na uovu nikaishia hapo. Nawasimulia wanafunzi kisa cha Rama na cha Sita, cha Naraka na cha Bali, kisha nawauliza wao: wewe ungewasha taa kwa ajili ya nani, na ni nani uliyemwita mwovu bila kumsikiliza? Darasa hunyamaza kidogo, nami sina haraka ya kuuvunja ukimya huo.

Nimeifunga nia yangu kwa ubeti mmoja:

Taa hii ya udongo, yawaka bila sauti,
Hufungua kila lango, pasi kuuliza hati,
Aliyevunjwa mgongo, leo akalia kiti,
Ahadi isiyo wongo, haizimwi na mauti.